Naomba ushauri: PET ya ubongo baada ya mionzi
Hamjambo ndugu zangu. Mama alitibiwa uvimbe wa ubongo, glioma, kwa upasuaji na mionzi. Sasa MRI, yaani picha ya sumaku, imeonyesha doa palepale ulipotolewa, na mkono wa kulia unalegea. Kikombe cha chai anakishika kwa mikono miwili. Daktari anasema huenda uvimbe umerudi, au ni tishu zilizouawa na mionzi, na MRI pekee haitofautishi vizuri. Ameshauri PET, kipimo cha picha kinachoonyesha jinsi seli zinavyofanya kazi.

Aga Khan hapa Nairobi wana mashine. Wasiwasi wangu ni dawa yenye mionzi kidogo inayodungwa ili uvimbe uonekane pichani: iitwayo FDG ni ya sukari, na ubongo mzima hula sukari, hivyo uvimbe waweza kufichika. Dawa za asidi amino (chembe zinazojenga protini), kama FET, huonyesha vizuri zaidi. Kuna aliyeipata hiyo FET hapa Kenya, ama mlilazimika kwenda India? Bima ililipa? Tafadhali nijibuni, kliniki ni Jumanne.