Makato ya chama: M-Pesa au akaunti ya benki?

BintiKongowea: Wadau, hamjambo. Mimi ni mweka hazina wa chama cha akina mama. Wenzangu kumi kila mmoja hunitumia 2,000 kwa laini yangu, natoa 20,000 kwa wakala, naongeza yangu, namkabidhi mwenye zamu ya kupokea. Mwezi huu niliulizwa mbele ya watu: zile 185 zimekwenda wapi? Niliumia sana, sikugusa hata shilingi. Sasa nataka kuhamia benki, lakini taarifa ya akaunti yangu ya zamani ina vijistari vya makato vingi kuliko pesa nilizoweka. Ipi husomeka, na ipi hula kidogo?

MzeeWaDaftari: Pole, mwanangu. 185 ni ada ya kutoa kiasi cha 15,001 hadi 20,000. Omba taarifa kamili kwenye programu ya M-Pesa. Faili hufunguliwa kwa namba utakayotumiwa kwa meseji. Tafuta mstari wa 20,000, kisha wa 185. Yote miwili hubeba namba moja ya muamala. Pigia mstari kwa kalamu, uwaonyeshe.

Huko benki, mara nyingi ada ina mstari wake na ushuru wa bidhaa una wake. Ushuru huo hapa Kenya ni 15% tangu Julai 2023. Kabla ya hapo ada za benki zilikuwa 20% na za kutuma pesa kwa simu 12%. Mtu akiona mistari miwili hudhani amekatwa mara mbili. Kwa M-Pesa, ushuru umo ndani ya hiyo 185.

Mwanahamisi_Likoni: Dada, laini yako ina Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa salio lisipotosha? Kama kuna deni, pesa ya mwenzako ikiingia hulipa deni kwanza. Na kwenye taarifa, mkopo wa Fuliza hukaa safu ya pesa zilizoingia. Ukijumlisha safu hiyo bila kuutoa, hesabu ya chama haitakaa sawa kamwe. Tenga laini ya chama peke yake.

Fundi_Omari: Mnahesabu nusu. Kutuma 2,000 ni 33, mara kumi ni 330. Hizo huzioni kwenye taarifa yako kwa sababu zinakatwa kwao. Jumla chama kinalipa 515 kila mwezi. Ukimtumia mwenye zamu badala ya kutoa, ni 105, ila akitaka taslimu naye atakatwa 185. Kwa nini wasimtumie yeye moja kwa moja? Zinabaki 330. Akinunua bidhaa kwa Till, ile namba ya malipo ya duka, mnunuzi hakatwi kitu.

Katibu_Mtwapa: Omari, hesabu ni nzuri, lakini nani atajua aliyetuma na asiyetuma? Sisi tuko benki kwa sababu ya saini tatu; hakuna anayetoa peke yake. Ila ombeni orodha ya ada kabla ya kufungua akaunti. Yetu ilitukata kwa kila meseji ya taarifa, tukagundua baada ya miezi minne.

BintiKongowea: Shukrani, hasa Mzee. Jana usiku nimeiona: 20,000, chini yake 185, namba ile ile. Nimepeleka picha kwenye kundi, na aliyeniuliza amenipigia mwenyewe asubuhi. Mwezi ujao watamtumia mwenye zamu moja kwa moja, kila mmoja ananipelekea meseji ya uthibitisho, nami naandika namba ya muamala daftarini.