RAM imekufa au ni Windows tu?

fundi_mchanga: Wakuu habari za saa hizi, desktop yangu inajizima na kuleta skrini ya bluu imeandika MEMORY_MANAGEMENT, nimeshapiga Windows upya bado iko vilevile, fundi wa mtaani anasema ninunue RAM (zile kadi za kumbukumbu ndani ya mashine) mpya zote mbili. Nitajuaje kweli ni RAM kabla sijatoa hela?

Babu_Waya: Usinunue kitu kwanza. Shusha Memtest86+ ni ya bure, iweke kwenye flashi alafu washa mashine kupitia hiyo flashi, inapima RAM bila Windows kuwepo so programu haina pa kusingiziwa. Iache usiku kucha, raundi moja haitoshi, kuna makosa yanatokea RAM ikishapata moto. Ukiona hata mstari mmoja mwekundu hapo kuna tatizo, RAM isiyo na ubovu inatakiwa kuleta makosa sifuri.

dada_kodi: Kuna ile ya Windows pia, andika mdsched, ila mi siiamini sana inapitisha RAM mbovu

Babu_Waya: Kweli kabisa. Na mkuu ikileta makosa chomoa zote upime mojamoja kwenye sloti ileile, RAM isiyo na ubovu ikikosea kwenye sloti moja tu basi kesi ni ya mazabodi (ubao mkuu wa mashine). Kama umewasha XMP (inayopandisha spidi ya RAM) kule BIOS, yaani mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka, izime kwanza, saa nyingine ni spidi tu imezidi. Sugua na meno ya RAM kwa ufutio, taratibu

fundi_mchanga: Poa mkuu, leo usiku naiacha inapima, tuombe tu umeme usikatike