Jirani za Muyeye: Simba na kugaagaa

[06:12] Dama: Habari za asubuhi. Mbwa wetu Simba jana kagaagaa tena. Karudi ufuoni ananuka sifa, yale mafuta ya samaki, shingo nzima, mafundi wakishapaka mashua debe hawafuniki. Leo tukubaliane. Nani anamtembeza Alhamisi na Ijumaa?

[06:13] Dama: ???

[06:40] Karisa: Mgaagaa na upwa hali wali mkavu 😂

[06:41] Saumu: 😂😂

[06:44] Dama: Karisa, wewe ndiwe uliyemfungua. Someni. Kabla hajajitupa hupunguza mwendo, pua chini, kisha anainamisha shavu na bega. Bega likishuka mmechelewa. Mwiteni akiwa bado ananusa. Kamba mita 5, ifungwe kwenye mkanda wa kifuani, si shingoni. Akichomoka kamba ikamkaza, ataumia koo.

[06:52] Kazungu: Neno ni lipi? Mimi "acha", Karisa "wee", watoto "Simba jamani". Mbwa ashike lipi?

[06:55] Dama: "Acha". Basi. Muanzie nyumbani: fumba kipande cha maini ya kuchemsha ngumini. Atalamba, atakwaruza, nyamaza. Akirudisha kichwa nyuma tu, mpe kingine kwa mkono WA PILI. Kile cha ngumini hapewi kamwe, la sivyo atajua alichokatazwa hatimaye ni chake. Dakika 5 asubuhi, 5 jioni. Akishika, kiweke chini, mguu tayari kukifunika. Halafu ndio nje, kichwa cha samaki, mkiwa hatua kumi mbali.

[07:30] Saumu: Maini kwa pesa ya nani?

[07:30] Dama: Robo kilo tu. Vipande kama punje ya kunde, vingine gandisheni.

[07:31] Bi Rukia: Na mkeka wangu nani analipa

[07:31] Saumu: Bi Rukia, ule si wa mwaka juzi?

[07:32] Bi Rukia: Mwaka juzi mlilipa?

[07:40] Karisa: Harufu je, mafuta ya taa hayakati?

[07:43] Dama: Hata! Yanachoma ngozi, na akijilamba ni sumu. Sifa ni mafuta, msianze na maji. Sabuni ya vyombo kwenye manyoya makavu, sugueni, ndipo maji. Ikibaki: peroksaidi ya asilimia 3 lita 1, bekingi soda robo kikombe, sabuni kijiko kimoja cha chai. Famasi wakiwapa ya asilimia 6, kiasi kwa kiasi na maji. Dakika 5, suuzeni. Isifike machoni. Manyoya meusi huenda yakapauka kidogo. Itakayobaki mwageni, ukiifungia chupani inatoa gesi, chupa inapasuka.

[07:45] Karisa: Hamira si ileile?

[07:45] Saumu: Atafura kama mahamri 😂😂

[07:47] Dama: Sicheki. Maji ya bamvua yakitoka yanaacha kila uchafu mchangani, na bunju, samaki wa sumu, wamo. Akigaagaa ataosheka. Akila bunju hatuna la kuosha.

[11:05] Mzee Athman: Mbwa akiwa majimaji asipitishwe uchochoro wa msikiti. Pitieni nyuma, kwa mwarobaini. Na mkeka wa Bi Rukia ulipwe.

[11:20] Dama: Sawa Mzee.

[11:21] Kazungu: Sawa Mzee.

[13:48] Karisa: Sawa Mzee. Ila kwa mwarobaini si ndiko kuliko na jaa?

[13:50] Dama: Hapo fupisheni kamba, maini mbele ya pua yake, msisimame hata kidogo. Alhamisi NANI?

[16:30] Saumu: Mimi Ijumaa jioni, nikiwahi.

[21:17] Bi Rukia: Ulikuwa wa ukindu. Msije na plastiki.