Tupeane uzoefu: hijama (kuumika), habbat sauda (mbegu nyeusi), ruqya (kusomewa Qur'ani)... na je, daktari wako ulimwambia?

Assalaam alaykum wanajamvi. Katika nyumba nyingi za Waislamu, vidonge vya hospitali vinakaa rafu moja na asali, mafuta ya habbat sauda na majani ya sanamaki. Ubishi wa ipi bora tumeshauchoka. Sema ulichotumia, kwa maradhi gani, kikakufanyaje, na kama daktari alijua. Wauzaji wa "inatibu magonjwa yote" mtusamehe, uzi huu si soko.

Naanza mimi. Nina kipandauso cha miaka mingi, nikaenda hijama. Mwumikaji anabandika vikombe kati ya mabega, anavuta hewa kwa pampu mpaka ngozi inatuna. Anavitoa, anachanja chale za juu juu, anavirudisha. Damu inayotoka ni nzito, inaganda humohumo kikombeni. Kichwa kilitulia wiki kadhaa, kisha kikarudi, ila si kwa ukali ule. Bado naenda. Anayeniumika huvaa glavu na kufungua wembe mpya mbele yangu; asingefanya hivyo ningeshuka kitandani, maana homa ya ini na Ukimwi havijali nia njema ya mtu.

Mama Wawili: Waalaykum salaam. Mimi nilimpeleka mama. Kabla ya lolote yule dada wa hijama akauliza dawa anazotumia. Kusikia kuna ya kuzuia damu kuganda, akafunga begi lake: "Mama, wewe sikuumiki." Mama alinuna njia nzima, eti amenyimwa sunna. Mimi yule dada nilimpenda palepale.

Mtoto wa Mwisho: Hadithi ya habbat sauda kuwa shifaa ya kila kitu isipokuwa mauti tunaijua, imo kwa Bukhari. Baba ana kisukari, akawa anakunywa mafuta yake kila asubuhi juu ya vidonge. Siku moja akaanza kutetemeka, jasho linamtiririka, sukari imeshuka vibaya. Daktari akamuuliza kama kuna dawa nyingine anatumia, akajibu hakuna. Na hakusema uongo! Kwake ile si dawa, ni sunna tu kama kupiga mswaki. Ikabidi mimi niitoe ile chupa mfukoni. Daktari hakumkataza, alipanga upya vipimo vya vidonge vyake na kumtaka apime sukari mara kwa mara. Tangu hapo nikienda naye nauliza mwenyewe: baba, na vile vya sunna je?

Nesi wa Zamu: Hapo kwa Mtoto wa Mwisho ndipo penyewe. Ukimuuliza mgonjwa "unatumia dawa gani?" hakutajii asali. Uliza "unakunywa nini asubuhi?" atafunguka. Nyongeza kwa wazazi: mtoto hajafika mwaka mmoja, asali hapana, hata ya kulambishwa, kwa ajili ya vijidudu vya botulizimu. Tahniki, ile sunna ya kumpaka mtoto mchanga kitu kitamu kinywani, asili yake ni tende.

Abuu Nuru: Yangu ni ruqya. Mdogo wangu alianza kusikia sauti, usingizi hapati. Mtu wa kwanza tuliyempeleka akauliza jina la mama yake na nguo aliyoivaa. Tukaondoka, hiyo si ruqya, ni uganga uliovaa kanzu. Wa pili alimsomea Fatiha, Ayatul Kursi, Falaq na Naas kwa sauti tunayoisikia wote, hakuna kunong'ona. Alipomaliza akatuuliza daktari wa akili kasemaje, akamwambia mdogo wangu vidonge asiviache hata siku moja. Kisomo kinampa utulivu, analala. Sauti zilipungua baada ya vidonge kukolea. Nyumbani kila mtu ana lake kuhusu kipi kimemponya, mimi vyote viwili naviacha viendelee.

Mpita Njia: Hijama ukiwa umefunga?

Abuu Nuru: Kwa Mahanbali, wafuasi wa madhehebu ya Hanbali, inafunguza. Wanavyuoni walio wengi wanaona haifunguzi, ila ni makuruhu (haipendezi) kama itakudhoofisha. Ngoja usiku, umalize utata.

Mwenye uzi: Allah awalipe. Bado sijasikia wa sanamaki. Najua inaharisha, nataka waliokunywa mfululizo kwa ajili ya choo kigumu: mlipoacha, tumbo lilirudi kufanya kazi lenyewe?