Revit: taa za dari haziwaki kwenye picha ya usiku

Wakuu, nina sebule ya mteja niliyoichora kwenye Revit (programu ya kuchora majengo), dari la jipsamu, taa nane za kuzamisha. Kwenye mchoro zipo, nikirenda (kugeuza mchoro kuwa picha) usiku ni giza totoro. Nimepandisha lumeni (kipimo cha mwanga wa taa) kutoka 800 hadi 8,000, wapi! Mteja anataka picha kesho asubuhi.

— Mkuu, mpangilio wa mwanga ni upi? Ukiwa bado kwenye jua peke yake, taa hazihesabiwi kabisa. Weka wa ndani, taa peke yake.

— Nimebadili. Zinaonekana kwa mbali, kama koroboi.

— Shusha namba ya ekspozha (mpangilio wa mwangaza wa picha), toka 14 hadi 7 hivi. Namba ndogo ndiyo yenye mwanga zaidi, wengi huigeuza. Na rudisha lumeni 800, LED ya wati 9 ni hapo hapo, usimdanganye mteja. Kisha kata seksheni (mchoro wa jengo lililokatwa wima) uone chanzo cha mwanga kimekaa wapi. Kikiwa juu ya jipsamu, dari linakiziba. Kishushe kidogo chini ya dari.

— Sita zimewaka safi! Mbili za kupakua mtandaoni bado.

— Hizo fungua familia yake (faili la muundo wa taa hiyo), utie tiki kwenye chanzo cha mwanga. Bila tiki ni pambo tu.