Tupeane uzoefu: seva iko sebuleni, TV iko chumbani, na filamu bado inakwama (wana Tanga)

Mchumbageni (mtoa mada)
Wakuu, habari za jioni. Jirani yangu kanisimamisha mlangoni ananiuliza kifurushi gani cha intaneti ni kikubwa kuliko alichonacho, maana filamu zake zinakwama kila jioni. Filamu zenyewe ziko kwenye kompyuta yake ya zamani sebuleni, kaweka Jellyfin, programu inayoifanya iwe seva, yaani irushe filamu hadi kwenye TV, anatazamia chumbani. Fundi kamwambia aongeze spidi. Imeniuma sana, kwa sababu hiyo ni hela ya unga inayotupwa.

Filamu ikiwa ndani ya nyumba yako inatoka kwenye seva, inapita kwenye ruta, inafika kwenye TV, basi. Nje haitoki. Uwe na intaneti ya Mbps (megabiti kwa sekunde) 10 au 200, hapo hazigusi kitu. Anayebisha achomoe waya unaoleta intaneti, ruta aiache inawaka, aicheze filamu ileile. Kama ilikuwa inakwama itakwama, kama ilikuwa inateleza itateleza.

Sasa wenye seva majumbani, hebu mwageni hapa: yako ilikwama kwa nini, na mlijuaje? Kwangu zilikuwa kuta. Nyumba yetu ni ya kale, mawe ya matumbawe na chokaa, unene unakaribia dhiraa. Wi-Fi ya masafa ya 5 GHz haivuki ukuta wa pili, TV ikawa inarudi kwenye yale ya 2.4 GHz, yanayofika mbali zaidi, na kugombania hewa na mtaa mzima. Nikapitisha waya juu ya dari, yakaisha.

Ngamiani Barabara ya 12
Huku kwetu hakuna kuta nene, kuna majirani. Ukitafuta Wi-Fi kwenye simu unapata orodha ndefu kama ya michango ya harusi. 2.4 GHz ina chaneli tatu tu zisizoingiliana, yaani 1, 6 na 11, na kila nyumba imejibana kwenye 6. Mchana filamu inateleza. Baada ya Isha watu wote wako ndani, inazunguka. Na mikrowevu nazo zinatumia masafa yayo hayo ya 2.4, bi mkubwa akipasha chakula picha inaganda. Nilipohamia chaneli 1 nilipata nafuu. Nafuu, sijasema nimepona.

Kange Stendi
Jamani, weka kwenye flashi, chomeka nyuma ya TV, mlale.

Mchumbageni
Na faili la GB 20 linaingiaje kwenye flashi ya FAT32, fomati inayogomea faili linalozidi GB 4?

Kange Stendi
Ifomati exFAT kaka. Au ikate vipande. Enzi za CD filamu moja ilikuja diski mbili na tulitazama.

Raskazone Upepo
Mtoa mada, waya nao una visirani vyake. Kwangu upepo wa bahari unaingia moja kwa moja, chumvi inakula kila kitu cha chuma. Taa za ruta zinawaka, seva inaonekana, filamu ndogo zinacheza bila shida. Fungua ya 4K, yenye picha kali zaidi, unapata duara la kusubiri. Nilipoingia kwenye mipangilio ya mtandao ya seva nikakuta waya unafanya kazi kwa Mbps 100 badala ya 1000. Gigabiti, yaani hiyo 1000, inahitaji nyaya zote nane zilizo ndani ya kebo. Jozi moja ikifa, vifaa vinashuka vyenyewe hadi 100, ambayo inatosheka na nyaya nne, na havikwambii kitu. Ukiwa na nakala ya Blu-ray ya 4K isiyobanwa upya, sehemu zenye purukushani zinaweza kuvuka hiyo 100. Meno ya RJ45, kile kichwa cha kebo, yalikuwa yameota kijani. Nikakata vichwa vyote viwili, nikafunga vipya, ikarudi 1000.

Halafu jueni kwamba TV nyingi, hata za bei, tundu lake la waya ni la Mbps 100. TV ya namna hiyo ikiwa karibu na ruta, 5 GHz inaishinda kebo.

Ngamiani Barabara ya 12
Sasa Wi-Fi inashinda waya? Mkuu, huyu kasema waya, wewe unasema hewa, tushike lipi?

Makorora Fundi
Shikeni hili: seva mpe waya, TV tutaangalia. Seva ikiwa kwenye Wi-Fi na TV iko kwenye Wi-Fi hiyohiyo, kila kipande cha video kinapita hewani mara mbili, kwanza kutoka seva kwenda ruta, kisha ruta kwenda TV. Spidi inabaki kama nusu. Mwenye waya mmoja tu asihangaike kufikiri, auweke kwenye seva.

Mabawa Bondeni
Mbona hamjamtaja mkorofi mwenyewe? Wengi humu mtandao wao ni mzima. Kinachowakwamisha ni seva kulazimika kuigeuza video wakati inachezwa, yaani kutranskodi. Filamu imebanwa kwa mtindo mpya, HEVC ya biti 10, TV yako ya zamani inajua ule wa kale, H.264, tu, basi seva inaifungua na kuifunga upya papo kwa papo. Kompyuta dhaifu inatoa picha polepole kuliko unavyotazama. Feni inavuma, prosesa iko asilimia 100, wewe unailaumu ruta! Fungua dashibodi ya Jellyfin wakati filamu inacheza. Itakwambia kama inachezwa moja kwa moja au inageuzwa, na sababu yake itaandikwa palepale.

Kwetu sababu ilikuwa maandishi ya tafsiri. Mama hatazami tamthilia bila maandishi chini. Yale yanayotoka kwenye Blu-ray, PGS, ni picha, siyo herufi. TV isiyoyaelewa inailazimisha seva kuyachoma juu ya video, na hapo video nzima inageuzwa upya. Nilipoweka faili la SRT, ambalo ni herufi tupu, filamu ileile ikapita bila kuguswa. Mama kanifanyia dua ya nguvu siku ile.

Diski nayo haina lawama kabisa. Hata ya zamani inasoma MB 100 kwa sekunde, ambazo ni Mbps 800, maana MB moja ni megabiti nane. Filamu haifiki hata robo ya hapo.

Duga Mtaani
Hamia Plex, programu nyingine ya seva, uachane na hayo.

Mabawa Bondeni
Plex inageuza video vilevile, na ukitaka chipu ya picha isaidie kugeuza, unalipia. Jellyfin hiyo ni bure.

Duga Mtaani
Vya bure hivyo ndivyo vinavyokukesha. Plex niliweka mara moja, hata TV ya mkwe wangu ina programu yake.

Mabawa Bondeni
Na tangu Aprili 2025 ukitaka kutazama filamu zako mwenyewe ukiwa nje ya nyumba, wanataka hela. Jellyfin ilizaliwa Desemba 2018 kwa sababu hizohizo, watu walijitenga na Emby, programu iliyoitangulia, ilipofunga msimbo wake. Kila mtu na pesa yake, ila usimwambie mtu ahame nyumba kwa sababu bomba linavuja.

Duga Mtaani
Haya mwalimu.

Mjukuu wa Pangani
Nilikuwa nasoma tu, ila wewe wa Mabawa uliyesema diski haina lawama, ngoja nikueleze.

Babu yetu alikuwa msomaji wa maulidi, Mungu amrehemu. Sauti yake ilibaki sehemu moja tu: mkanda wa VHS wa harusi ya mama, ambao mjomba aliuhamisha kuwa faili kabla ukungu haujaumaliza. Faili lilikuwa kwenye diski ya nje iliyochomekwa kwenye Raspberry Pi, kale kakompyuta kadogo, nyumbani kwetu Mikanjuni. Siku ya arobaini, baada ya hitma, wazee wakaomba kumwona. Sebule imejaa, wengine wako kwenye majamvi ukumbini, kina shangazi wametoka Pangani na Muheza.

Nikawasha. Babu anaingia, anakaa, anaweka kofia sawa, anafungua kinywa. Duara. Nikarudisha nyuma. Anaingia, anakaa, kofia, kinywa, duara. Mtu kainuka kazima ruta na kuiwasha. Mjomba kasema ni intaneti, kanunua bando palepale na kuirusha kutoka kwenye simu yake. Tukajaribu kwenye laptopu, palepale. Shangazi mkubwa akaanza kulia, akasema, "Baba hataki tumwone, zimeni." Watu wakanyamaza, na mimi joto limenipanda mpaka masikioni, maana ni mimi ninayeitunza seva ile.

Hapo nikaona kitu. Inakwama kwenye neno lilelile kila mara. Mtandao mbovu unakwama popote, hauchagui dakika. Nikaweka sikio kwenye diski: inagonga, inanyamaza, inagonga. Nikawaomba radhi wazee, nikazima kila kitu kwa utaratibu, nikakataza mtu yeyote asijaribu tena. Mjomba alikasirika kweli. Nikamwambia, "Mjomba, kila tukirudia tunamkwaruza."

Baadaye nikaifunga kwenye laptopu yenye Linux. Ripoti ya SMART, ile ya afya ya diski, ilikuwa na sekta nyingi zinazosubiri, zile diski imeshindwa kuzisoma. Nikatumia ddrescue, programu ya kuokoa data. Uzuri wake hailazimishi: inanakili kwanza sehemu nzima zote ikiruka mbovu, ndipo inarudi kuzing'ang'ania mbovu kidogo kidogo. Ilichukua muda mrefu sana. Likapatikana karibu lote. Palipokwama picha inavunjika miraba miraba, sauti inapotea kidogo, halafu babu anaendelea na kasida mpaka mwisho. Shangazi nilimpelekea Muheza mwenyewe.

Mchumbageni
Mungu amrehemu babu. Nimesoma nimesimama.

Bi Usagara
Pole mwanangu. Umefanya jambo kubwa.

Tanga Kwetu
Lakini arobaini na video, wapi na wapi? Hitma ni ya kusoma na kuomba dua.

Bi Usagara
Mwanangu, hitma imekwisha somwa, kasema hivyo. Watoto kumkumbuka baba yao kuna ubaya gani? Usimwongezee mwenzio majonzi.

Makorora Fundi
Pole sana ndugu. Swali la kiufundi: ulihakikisha siyo umeme? Pi 4 inatoa ampea 1.2 tu kwa matundu yote ya USB. Diski isipotosheka na umeme nayo inagonga, na wengi wamezitupa zikiwa nzima.

Mjukuu wa Pangani
Nilianzia huko. Niliiweka kwenye habu yenye umeme wake, ikagonga vilevile. Na nakala sasa ziko tatu: kwangu, kwa shangazi, na kwenye hifadhi ya mtandaoni.

Mabawa Bondeni
Nimekuelewa na nimejifunza. Inayokwama dakika ileile, angalia diski au faili. Ya kwangu ilikuwa haichagui.

Ngamiani Barabara ya 12
Na inayokwama saa za usiku tu, angalia majirani.

Sahare Pwani
Mimi na Pi 4 yangu, inaanza vizuri, baada ya nusu saa inachoka. Nifanyeje?

Raskazone Upepo
Joto hilo. Ikifika nyuzi 80 inajipunguza kasi yenyewe. Ifungie feni, itoe kwenye kabati la TV.

Duga Mtaani
Nunua Pi 5.

Mabawa Bondeni
Pi 5 haina chipu ya kubana video. Kama tatizo ni kugeuza, utanunua kidonda kipya. Tafuta kompyuta iliyotumika yenye Intel Core ya kizazi cha 7 kwenda juu, Quick Sync yake, sehemu ya chipu inayogeuza video, inaweza HEVC ya biti 10. Au geuza filamu zote mapema kwa HandBrake, programu ya kugeuza video, ukiwa umelala, usiku wa kutazama seva isiwe na kazi.

Kange Stendi
Flashi.

Mchumbageni
Jirani yangu nimemsomea uzi wote. Kompyuta yake iko kwenye Wi-Fi na TV iko kwenye Wi-Fi, kumbe. Jumamosi tunapitisha waya wa mita 20 kwenye seva. Nani ana koleo la kufungia vichwa?

Makorora Fundi
Ninalo. Pita baada ya Alasiri, uje na vichwa vyako, na ununue vya akiba.