Umeme wa Tahoe: nyaya zifukiwe chini kwa hela ya nani?

Mkazi wa Ziwani: Wakuu salaam. Huku kwetu kila theluji nzito ikishuka ubishi ni ule ule, leo naomba niulete kwenu. Mtakumbuka Desemba 2021 hapa Ziwa Tahoe, mpakani mwa California na Nevada. Kituo cha Chuo Kikuu cha Berkeley pale Donner Pass, njia ya milimani, kilipima theluji ya inchi 214 kwa mwezi mmoja, rekodi ya Desemba iliyokuwepo tangu 1970 ikavunjwa, miti ikaelemewa ikalalia nyaya, barabara kuu ya I-80 ikafungwa mafundi hawapiti, maelfu ya nyumba giza siku kadhaa, na ilikuwa wiki ya Krismasi wageni wa kuteleza kwenye theluji wamejaa mahotelini. Sasa kuna wanaotaka nyaya zote zifukiwe ardhini. Sikatai, ila gharama itaingia kwenye bili, na mimi msafisha vyumba nitachangia sawa na tajiri wa San Francisco anayekuja kwenye nyumba yake wikendi mbili tatu kwa mwaka. Hii ni haki? Nawasilisha.

Kibopa wa Mbezi: Inchi 214 ndo nini, sema mita mkuu. Halafu nyie wabeba boksi wa Marekani mna vituko, umeme siku nne tu mtu anaandika gazeti. Sisi mgao tumekua nao, unawasha mshumaa, unalala.

Dada wa Denver: Mita tano na nusu hivi, karibu ghorofa mbili, umeelewa sasa? Na hilo la mshumaa kaa nalo huko huko Mbezi kwenye joto. Huku nje maji yanaganda, hita ya gesi unayo lakini haiwaki, maana feni yake na kile kiwashio vinatumia umeme, mabomba yanaganda ukutani yanapasuka, theluji ikiyeyuka unakuta sebule bwawa. Mwingine anaingiza jenereta ndani apate joto, moshi wake unamuua usingizini. Na boksi tunabeba ndiyo, ada za watoto wa shangazi zako zinatoka wapi?

Kibopa wa Mbezi: Shangazi zangu wamehusikaje dada, povu lote la nini 😂 nimegusa boksi tu

Otis254: Hapo kwa boksi ulianza wewe bana usikane. Lakini pia diaspora wacheni kujifanya shida ni zenu pekee. Sisi Kenya Agosti 2023 stima ilipotea nchi karibu yote, mpaka airport ya JKIA Nairobi giza, jenereta ikakataa kuwaka. Hakukuwa na theluji. Hakukuwa hata na mvua!

Mzaramo Mstaafu: Donner Pass si ndo pale wahamiaji walikwama na theluji wakala maiti za wenzao?

Mkazi wa Ziwani: Ndo hapo mzee, 1846 kuingia 1847. Turudi kwenye mada jamani.

Mzaramo Mstaafu: Basi nyie wa siku nne shukuruni.

Fundi Nguzo: Nimefanya kazi za laini kubwa miaka mingi, niseme kidogo. Kufukia nyaya si kuchimba mtaro wa bomba la maji, kule ni mwamba wa granaiti. PG&E, kampuni ya umeme ya huko, walitangaza 2021 kwamba watafukia maili 10,000 California, makadirio ya maili moja yanazungumzwa kwa mamilioni ya dola, na kilichowasukuma si theluji, ni moto. Waya wao ndio ulianzisha ule moto wa msituni wa Camp Fire 2018, watu 85 wakafa, na 2020 kampuni ikakiri mahakamani kuua bila kukusudia, makosa 84. Halafu waya wa chini ukiharibika katikati ya dhoruba utaanza kufukua theluji ndo ufike ardhini. Mimi ningeanza na kukata miti iliyo karibu na laini na kuweka nyaya zenye ganda.

Otis254: Miaka mingi kwa laini na nguzo za kwetu bado zinaanguka zikiona wingu 😅

Fundi Nguzo: Kijana nguzo haijiangukii, inaoza chini kwa sababu kuna mtu alisaini kupokea mti ambao haujatiwa dawa. Umbwagie yeye hizo kejeli zako. Sisi tunapanda juu saa nane za usiku mvua inanyesha wewe uko kitandani unaandika umeme unarudi lini. Nyie ndo mnatufanya watu waache fani.

Dada wa Denver: Pole kaka fundi. Ila hujajibu swali, nani alipe?

Mkazi wa Ziwani: Ahsante dada, angalau mmoja amesoma. Mimi nasema alipe mwenye nyumba tupu. South Lake Tahoe walilipigia kura 2024, nyumba isiyokaliwa zaidi ya nusu mwaka itozwe dola 3,000 mwaka wa kwanza, halafu 6,000. Ikaangushwa. Hela hiyo walitaka iende kwenye makazi na barabara, lakini hata nyaya zingepata.

Kibopa wa Mbezi: Nyumba tupu itozwe. Safi sana mkuu. Sasa ile ya kwako Kigamboni uliyotutumia picha mwaka juzi, geti jeusi, vyumba vinne, anakaa nani? Tuanze na hiyo.

Otis254: 😂😂😂 wueh

Mkazi wa Ziwani: Kwanza ile si tupu, mdogo wangu anakaa pale. Pili nimejenga kwa jasho langu, sikurithi kwa mtu. Tatu hulinganishi kibanda cha mbeba boksi, kama ulivyoniita, na jumba la milioni 2 za dola ufukweni mwa Tahoe.

Dada wa Denver: Vyumba vinne kibanda?

Mkazi wa Ziwani: Dada na wewe tena?

Kibopa wa Mbezi: Mdogo wako analipa kodi ya jengo au inakatwa kwenye LUKU ya umeme na mita haisomi kitu tangu Januari?